Ruzuku ya Mto, Riziki ya Watu: Sosiani na Lugha ya Kuombea Fedha za Umma

Ni majiji machache nchini Kenya ambayo yana deni la jina kwa mto. Eldoret ni mojawapo. Jina hilo, kama linavyofafanuliwa na wengi walioandika kuhusu historia ya Uasin Gishu, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, na mto wenyewe ni Sosiani, ambao mkondo wake umejaa miamba. Awali mahali hapo palijulikana kwa nambari ya shamba, 64, nambari ambayo ndimi za wenyeji ziliitohoa kutoka Kiingereza zikaifanya Sisibo. Mwaka wa 1912 jina la mto likashika nafasi ya nambari. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto alitoa hati ya kuupandisha mji huo hadhi, nao ukawa jiji la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Hata hivyo, jiji hili lililobeba jina la mto limeupa mto kisogo. Sosiani huanzia nyanda za juu upande wa Kaptagat, vijito vya Ellegirini na Endoroto vinapokutana, hupita katikati ya mji, kisha hushuka magharibi kuungana na Kipkaren na Nzoia hadi Ziwa Viktoria. Unapofika mjini hukuta majengo yaliyoelekeza nyuso zao barabarani na migongo yao majini, na kwa kawaida mgongo wa jengo ndiko taka zinakotupwa. Tafiti za wanasayansi wa vyuo vya eneo hilo zimeonyesha mara kwa mara kwamba ubora wa maji hushuka mto unapokatiza mjini. Kingoni wapo vijana wanaoosha magari, wachuuzi wa mitumba na mboga, wakulima wa sukumawiki na nduma, na kina mama wanaofua nguo za watu wengine kwa malipo. Hao ndio wanaoutazama mto ana kwa ana kila siku. Katika ramani za mipango miji hawamo.

Hadhi ya jiji huja na matamanio yake. Kila jiji jipya hutaka bustani, njia ya waendao kwa miguu, taa, viti na mahali pa familia kupunga upepo Jumapili jioni. Sosiani unaweza kuyatoa hayo yote, na hakuna ubaya wowote wa Eldoret kuyatamani. Swali ni fedha zitoke wapi, na ziombwe kwa lugha gani. Swali la pili huonekana dogo mbele ya la kwanza, kiasi kwamba halijadiliwi kamwe katika kumbi za kaunti. Makala haya yanashikilia kwamba hilo la pili ndilo linaloamua hatima ya la kwanza: andiko la kuombea ruzuku ya kuboresha kingo za Sosiani halina budi kuandikwa kwanza kwa Kiswahili, miongoni mwa watu wa kingoni, kabla halijavishwa Kiingereza cha kupelekwa kwa wafadhili.

Yafaa kwanza ieleweke fedha hizo hupatikanaje. Kifungu cha 202 cha Katiba ya 2010 kinaruhusu serikali za kaunti kupewa fedha za ziada juu ya mgao wao wa kawaida, kwa masharti au bila masharti. Ruzuku nyingi za miji zimekuwa za masharti. Mfano unaofahamika zaidi ni Mradi wa Kusaidia Miji nchini Kenya, uliogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 300 ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka wa 2017, na ambao ulifikia miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Awamu ya pili imeufuata. Chini ya mpango huo mji haukupata senti kwa kulia shida. Ulitakiwa uwe na hati, bodi, meneja, mpango wa maendeleo na hesabu zinazokaguliwa, kisha ukapimwa kila mwaka. Aliyefaulu alipewa, aliyeshindwa alisubiri. Fedha zenyewe zilitengewa mambo matano: taka, mitaro ya maji ya mvua, barabara na njia za miguu pamoja na taa, miundombinu ya kijamii na kiuchumi kama masoko na bustani, na huduma za kuzima moto na kukabili maafa.

Msomaji makini ataona kwamba neno "mto" halimo katika orodha hiyo. Mto umekatwa vipande: taka zake ziko katika fungu hili, mafuriko yake katika fungu lile, vichochoro vyake vya kupitia watu katika fungu jingine. Mwombaji hodari ni yule anayeweza kuuunganisha mto tena katika andiko moja bila kutoka nje ya mafungu ya mfadhili. Ipo pia milango mingine. Hazina ya Sekta ya Maji, iliyoundwa kwa sheria ya maji ya 2002 na kuendelezwa na ile ya 2016, imewahi kuvipa vyama vya watumiaji maji ruzuku za kutunza vyanzo na kingo, mradi chama kiwe na mpango wa kusimamia eneo lake. Mpango wa kugharimia hatua za wenyeji dhidi ya mabadiliko ya tabianchi, ulioanza mwaka wa 2021, hupitisha fedha kwa kaunti na kuzitaka ziwe na kamati za kupanga katika kila wadi. Milango yote hii ina komeo moja: ithibati kwamba wakazi walishirikishwa. Na hapo ndipo suala la lugha linapoingia, wala haliingii kwa kubisha hodi.

Hebu lizingatiwe neno lenyewe. Katika Kiswahili, ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja; yote mawili yametokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kujaliwa mahitaji ya maisha. Katika matumizi ya kidini, kuruzuku ni tendo la Mungu kwa viumbe wake. Lugha ya serikali ilipolichukua neno hilo kutajia fedha zinazotolewa kwa umma bila kudaiwa, ililihamisha kutoka mbinguni hadi hazina ya taifa, lakini haikuukata mzizi. Msikilizaji wa Kiswahili anapoambiwa kwamba jiji limepata ruzuku ya mto, ana haki ya kutarajia kwamba kuna watu watakaoruzukiwa. Ruzuku inayomnyang'anya mwosha magari na muuza mboga riziki yao ili wengine wapate mahali pa kupigia picha inalisuta neno linaloibeba. Kwa Kiingereza mgongano huu hausikiki. Kwa Kiswahili unasikika hata kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la isimu.

Vivyo hivyo kwa jina la mradi. Andiko likisema kazi ni "kupamba" kingo, mhandisi ataleta maua, viti na vigae, na mto utaendelea kunuka nyuma ya maua. Likisema "kuboresha", mlango umefunguka kidogo, ila hakuna ajuaye kinachoboreshwa ni nini na kwa faida ya nani. Likisema "kuhuisha", kazi italazimika kuanzia majini, kwa sababu kinachohuishwa ni chenye uhai: mabomba ya maji machafu yanayovuja yatatangulia, mitaro itafuata, viti vitakuja mwisho. Vitenzi vitatu, makadirio matatu ya gharama. Mwanafunzi anayedhani kwamba semantiki ni somo la mtihani tu na aitazame bajeti ya mradi kama huu.

Wanaotetea miradi ya kingo za mito hupenda kuutaja mji wa San Antonio, Texas, nchini Marekani, ambako njia ya kando ya mto huvuta wageni kutoka pembe zote za dunia. Mfano ni mzuri, ila kwa kawaida husimuliwa kuanzia mwisho. Mwaka wa 1921 mafuriko yaliwaua huko watu wapatao 50. Baadaye kulizuka hoja ya kulifunika pindi la mto lililo katikati ya mji na kuligeuza mtaro wa chini ya ardhi. Waliosimama kidete kupinga ni pamoja na chama cha uhifadhi kilichoanzishwa na wanawake mwaka wa 1924. Msanifu Robert Hugman alitoa mchoro wake mwaka wa 1929, ukakaa takriban miaka kumi bila fedha. Ruzuku ya serikali kuu ilikuja kupitia shirika la WPA, lililoundwa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Kabla ya hapo, mwaka wa 1938, wenye mali kando ya mto walikuwa wamepiga kura ya kujitoza kodi ili mji uwe na mchango wake mezani. Mkono mtupu haulambwi. San Antonio ya mwaka wa 1940 ilikuwa na watu robo milioni hivi, ilhali sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 475,716 katika Eldoret. Kwa hivyo udogo wa jiji si kisingizio.

Kisa hicho kina upande wa pili usiotajwa sana. Hugman alifutwa kazi mwaka wa 1940 kabla ujenzi haujakamilika. Ujenzi ulipokwisha mwaka uliofuata, njia hiyo nzuri ilitelekezwa kwa miaka mingi, ikawa mahali pa kuogopwa usiku, hadi ilipofufuliwa kuelekea maonyesho makubwa ya mwaka wa 1968. Fedha za ruzuku hujenga. Hazifagii, hazizoi taka, hazibadilishi taa iliyoungua. Atakayefanya hayo ni mwenyeji, kwa fedha za mwenyeji, na mwenyeji hawezi kukitunza kitu ambacho hakumbuki kukiomba. Waliosema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini hawakuwa wakizungumzia bajeti za kaunti, lakini maneno yao yanaziingia vizuri.

Hakuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho kuona yanayoweza kutokea. Mwezi Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali iliwaamuru wakazi wa kingo za mito jijini Nairobi waondoke kwa muda mfupi mno, na katika Mathare na Mukuru nyumba zikabomolewa. Hoja ya usalama ilikuwa na uzito wake. Maji hayasomi barua za umiliki. Hata hivyo, watu waliokuwa wamezoea kuusikia mto wao ukitajwa katika hotuba za kuurembesha waliusikia safari hiyo katika sauti ya tingatinga. Tangu hapo neno "mto" na neno "kuhama" yamekwenda sambamba katika masikio ya wakazi wa mabanda, na yeyote atakayekwenda kando ya Sosiani na karatasi zake za mradi atakutana na hofu hiyo kabla hajafungua kinywa.

Na upande wa lugha, Mombasa imetoa somo lake. Bustani ya kando ya bahari iliyokarabatiwa huko na kutumiwa kwa sherehe za Siku ya Mashujaa mwezi Oktoba 2019 huitwa rasmi Mama Ngina Waterfront. Mahali ambapo watu wamekwenda kwa miaka na mikaka kula mihogo na kunywa madafu jua linapotua, katika mji wa Kimvita, lahaja iliyowalea washairi wakubwa wa Kiswahili, hapakukosa jina la Kiswahili kwa uhaba wa maneno. Zanzibar wana Forodhani, bustani ya ufuoni iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka wa 2009, na hakuna mtalii aliyewahi kupotea kwa sababu ya jina hilo. Jina la kigeni si kosa la jinai. Ila ni ishara ya meza ambayo mradi ulizaliwa juu yake, na nani hakuwa ameketi hapo.

Sheria haina kisingizio cha kumwachia mtu yeyote. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya utawala, na Kifungu cha 184 kinaagiza sheria ya miji iwape wakazi nafasi ya kushiriki. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inazungumzia mabaraza ya wakazi ambamo wanaweza kujadili na kupendekeza, hata kuhusu makadirio ya bajeti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma zinaposambaza habari zizingatie lugha ya mahali husika. Nayo Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Novemba 2019 kuhusu kesi ya kampuni ya tumbaku ya BAT, ilisisitiza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli na si wa kutimiza desturi tu, na kwamba jambo linalojadiliwa lieleweke wazi kwa wanaoulizwa. Jambo haliwezi kueleweka wazi kwa lugha isiyoeleweka. Hilo halihitaji wakili.

Kinachofanyika mara nyingi, si Eldoret pekee, kinajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria. Wananchi huitwa ukumbini asubuhi, mkutano ukaanza adhuhuri. Waraka mrefu wa Kiingereza humulikwa ukutani, mtaalamu akaupitia kwa Kiswahili cha kubahatisha, akiruka yale magumu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo yanayowahusu walioketi mbele yake. Kisha huzungushwa karatasi ya majina na sahihi, soda zikafuata. Karatasi ile ya sahihi ndiyo inayoambatishwa kwenye ombi la ruzuku kuwa ushahidi wa kushirikishwa kwa umma.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba andiko lina sentensi hii: "Mradi utahakikisha uhamishaji wa muda wa shughuli zisizo rasmi." Ni Kiswahili, na kisarufi hakina ila. Lakini mwosha magari akisomewa hatajua kwamba shughuli zisizo rasmi ni ndoo yake na tambara lake. Sasa iandikwe hivi: "Waosha magari walio karibu na daraja wataondolewa kwa miezi minane, kisha watarudi." Papo hapo maswali yatamiminika. Tutakwenda wapi miezi hiyo minane? Nani ametia sahihi kwamba tutarudi? Nafasi zitakuwa ngapi, na sisi tu wangapi? Maji tutayapata mtoni au tutalipia? Haya ndiyo maswali ambayo mpimaji wa mfadhili angeyauliza baadaye, mradi ukiwa umekwisha kukwama, au ambayo jaji angeyauliza baada ya wakazi kwenda mahakamani. Kuulizwa mapema ni faida kwa jiji. Kwa Kiingereza cha miradi watu hawa hufupishwa kuwa herufi tatu kubwa, na herufi hazina watoto wa kulipiwa karo.

Ndiyo maana kutafsiri andiko baada ya kukamilika hakutoshi. Tafsiri huja wakati maamuzi yamekwisha kufanywa, nayo kazi yake inabaki kuwa ya kutangaza. Andiko likitungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, mtungaji hulazimika kutaja ni nani, wapi, lini na kwa fedha ngapi, kwa sababu msikilizaji wake anaweza kumkatiza. Kiingereza kifuate baada ya hapo, kifanyiwe kazi na wataalamu wake, kiende Nairobi na ng'ambo. Hakuna anayedai Benki ya Dunia isome Kiswahili, ingawa haingeidhuru.

Wapo watakaopinga, na baadhi ya pingamizi zao zina mashiko. Watasema muda wa kuwasilisha maombi ni mfupi. Ni kweli, lakini fedha zenyewe hazina haraka kiasi hicho: ruzuku za kaunti huhitaji sheria ya kuzigawa, na muswada wake umewahi kukwama kwa miezi kutokana na mvutano kati ya Seneti na Bunge la Taifa. Kaunti ingeweza kuutumia muda huo wa kungoja kukaa na watu wake. Watasema pia kwamba Kiswahili si lugha ya kila mtu katika Uasin Gishu. Hili ni kweli zaidi. Mzee wa kule Kaptagat ambako mto huanzia, ambaye ng'ombe wake hunywa maji hayo kabla mji haujayaona, huenda akautetea mto vizuri zaidi kwa Kikeiyo au Kinandi. Katiba hiyohiyo inaiagiza dola kukuza lugha za kiasili, na haitakuwa heshima kwa Kiswahili kikigeuzwa rungu la kuwanyamazishia wengine kama Kiingereza kilivyogeuzwa. Mjini, hata hivyo, ambako Mluhya, Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo na Msomali hununua kwa mmoja kutoka kwa mwingine, hakuna lugha nyingine inayoweza kuwaketisha pamoja.

Pingamizi zito kuliko yote halitolewi na wakubwa. Hutolewa na wananchi wenyewe, wanaojua kwamba Kiswahili nacho husema uongo. Ni kwa Kiswahili sanifu ambapo wameahidiwa masoko yasiyojengwa na kuapiwa kwamba hakuna atakayehamishwa. Kiswahili hakimfanyi mwongo kuwa mkweli. Kinachofanya ni kumnyima maficho: uongo uliosemwa kwa lugha ya watu hukumbukwa na watu, na unaweza kurejelewa neno kwa neno mbele ya aliyeusema. Hiyo si haba.

Hapa ndipo idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi wake vinapoulizwa viko wapi. Chuo Kikuu cha Moi kina Idara ya Kiswahili na Lugha Nyingine za Kiafrika umbali usiofika saa moja kwa gari kutoka Sosiani. Kila mwaka vyuo vya Kenya hutoa tasnifu kuhusu istilahi, tafsiri, usemi wa kisiasa na lugha ya matangazo. Ni nadra kuona tasnifu iliyokaa na waraka wa mradi wa kaunti. Hali hii inashangaza, kwa sababu kazi ya istilahi iliyopo hapo ni ya kuonewa wivu. Ardhi iliyo kati ya maji na mpaka wa mwenye shamba iitweje? Wengine husema ukingo, wengine kingo za hifadhi, wengine chepechepe. "Chepechepe" hufaa kwa ardhi ya kinamasi, ilhali sehemu kubwa ya kingo za Sosiani ni mwamba mtupu. Mto wa mawe haukuitwa hivyo bure. Na suala hili halikomei kwenye kamusi. Kanuni za usimamizi wa maji za mwaka wa 2007 ziliiwekea ardhi hiyo upana wa kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto, huku sheria nyingine zikiwahi kutaja vipimo tofauti. Kibanda kilicho mita 12 kutoka majini kinaweza kuwa halali au haramu kulingana na neno na kipimo kilichochaguliwa. Mwenye kibanda anastahili kulijua neno hilo kabla ya askari wa kaunti kulijua.

Upo pia msamiati wa fedha: mchango wa mwombaji, fungu la dharura, gharama za utunzaji, ukaguzi, fidia. Na lipo neno "washikadau", linalopendwa mno katika hotuba za Kenya. Dau ni kile kinachowekwa mchezoni na ambacho mtu anaweza kukipoteza. Kwa kipimo hicho, mshauri aliyelipwa ada yake kabla mradi haujaanza hana dau lolote Sosiani, ilhali mama anayefua nguo juu ya jiwe amekwisha kuweka mezani kila alicho nacho. Orodha za washikadau zikiandikwa kwa kulifuata neno lenyewe, mpangilio wa viti ukumbini ungebadilika.

Wanafunzi hawawezi kupima kina cha mto wala kuchora mabomba, na wasijaribu. Wanaweza kukaa na mhandisi hadi aeleze kwa lugha nyepesi bomba linapita wapi na kibanda cha nani kipo juu yake. Wanaweza kuandaa nakala ya Kiswahili ya kurasa kumi badala ya mia mbili, wakaisoma kwa sauti kingoni siku ya soko, wakaandika maswali yanayoulizwa kama yalivyoulizwa, na kuyaambatisha kwenye ombi badala ya ile karatasi ya sahihi. Wahadhiri wanaweza kuitahini kazi hiyo kama wanavyoitahini tafsiri ya riwaya.

Sehemu ya kuanzia ipo, na si kubwa. Kila andiko la aina hii lina jedwali la watu ambao mradi utawagusa, na jedwali jingine la gharama za kuutunza baada ya ruzuku kwisha. La kwanza huwa na idadi bila majina ya kazi zao. La pili mara nyingi huwa fupi kuliko yote. Majedwali hayo mawili yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika alasiri moja, yakabandikwa darajani mahali ambapo waosha magari hutundika matambara yao, yakaachwa hapo wiki mbili pamoja na kalamu.